Kikomo kwenye Simu ya Mzee

Darasa lilikuwa la saa nne asubuhi, na saa tatu ilikwishapita. Fundi cherehani, mama mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa amepata wanafunzi ishirini na sita wa kuwafundisha kukata gauni kupitia mtandao. Walikuwa wanafunzi wake wa kwanza; wakimkimbia leo, hatapata wengine. Lakini kila alipojaribu simu, picha yake iliganda mkasi ukiwa hewani.

Simu hiyo alipewa juzi na mumewe. Mzee wa watu alisema kamera yake ni safi zaidi, basi wabadilishane tu, yeye kwake siku hizi ni kupiga na kupokea.

Fundi wa mtandao, binti wa jirani, alikuja mbio na kompyuta yake. Akaichomeka kwenye ruta kwa waya: kasi tele. Akapima kwa simu yake mwenyewe, amesimama pale penye cherehani: tele vilevile. Akapima kwa simu ya darasa: megabiti moja. Akarudia jikoni, akarudia sebuleni, mpaka akaisogelea ruta nusura aibusu. Moja, moja, moja.

"Mama, mtandao mbovu hupanda na kushuka," alisema. "Huu umesimama palepale. Kuna mtu ameufunga."

Mama akaanza kumlaani mtu huyo na ukoo wake, kisha akakumbuka. Miezi minne nyuma, mumewe alikuwa akitazama mpira kwa kelele huku wateja wanapimwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeingia kwenye ukurasa wa ruta, kama binti huyu alivyomfundisha, akaiwekea simu ya mzee kikomo cha kasi. Mpira ukawa unakwama, nyumba ikatulia, naye akasahau kabisa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Binti alikwishaufungua ukurasa na kuona kikomo kando ya jina la simu ya mzee. Akamtazama mama, na kwa kuwa amelelewa akalelewa, akaigeuza kompyuta mzee asione. Mzee alikuwa hatua mbili tu, akinyoosha kitambaa cha darasa kwa pasi.

Uongo ulikuwa umejileta wenyewe: ruta imezeeka, kampuni imekosea. Lakini simu aliyoishika ilikuwa zawadi ya mzee huyohuyo.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuminya wewe, nimejiminya mwenyewe. Nisamehe, mume wangu."

Mzee aliweka pasi chini. Akacheka hadi akashika meza, kisha kicheko kikamkauka. "Miezi minne namgombeza yule binti wa huduma kwa wateja wa kampuni ya mtandao. Nimemwita mwongo. Na wewe ulikuwa unanitafutia namba."

"Nilikuwa nimesahau; nilitaka kukutuliza tu."

"Basi darasa likiisha, utampigia wewe."

Binti wa jirani alikifuta kikomo. Saa nne wanafunzi wote waliingia, wakaona hata vichwa vya pini, na mzee mwenyewe ndiye aliyeshika simu saa nzima bila kubadilisha mkono.

Adhuhuri mama alipiga, akaungama kila kitu bila kujitetea.

"Yule mzee wa mpira?" binti wa huduma aliuliza. Akashusha pumzi ndefu. "Mwambie nimemsamehe, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kosa ni letu."