Bolti ya Kumi

Jana alasiri, nimemaliza kazi na wali wa mgeni umenishibisha, nilijilaza kwenye jamvi nyuma ya gereji yangu nikaota. Mtu asiniambie ni shibe.

Difu ya mbele ya gari la zahanati, ile inayogawa nguvu kwa matairi mawili, imekaa mkekani, inasubiri kupakuliwa. Gari hilo huendeshwa na shemeji yangu Mponda, anabeba wajawazito kutoka vijiji vya bondeni, na mchana huo nilikuwa nimelifungia loki mpya. Bila loki, tairi moja likizama topeni linazunguka bure, mwenzake anatazama tu. Ukibonyeza loki, yote mawili yanavuta pamoja; ila loki ikinasa, gari halikubali kona.

"Karibu chakula," naiambia difu.

"Nimefunguliwa, nimefungwa, na bado nina njaa," inajibu. "Lete sahani."

Hapa kwetu mafundi tuna desturi: bolti unazofungua unaziweka kwenye sahani, na sahani isipobaki tupu, gari halitoki. Mke wangu Sikudhani anaileta sahani, anapiga magoti. Difu inakula bolti moja moja, taratibu, kama bibi aliyeishiwa meno.

"Tisa," inasema.

"Zilikuwa kumi."

"Basi yangu moja kala mwingine."

Napapasa mfuko wa shati. Umeshonwa kwa uzi mweusi. Difu inanitazama, nami naona haya mpaka naangalia pembeni.

Mara hatuko gereji tena. Tuko barabara ya bondeni, mvua inamwagika. Mponda anaendesha, mimi niko nyuma na mama mjamzito aliyeshika tumbo. Matairi mawili ya mbele yamevaa nguo za harusi.

"Kuna kona hapo!" nayaambia.

"Sisi tumefungwa pamoja," linasema la kushoto. "Akienda naenda."

"Kona ni za waliotengana," linasema la kulia.

Gari linanyoosha. Linapita katikati ya shamba la mpunga, halafu darasa la tatu, watoto wanasimama na kutuamkia. Halafu linapita sebuleni kwa marehemu baba yangu. Baba anainua miguu ili tupite.

"Umehesabu?" ananiuliza.

Ndilo swali lake la kila jioni enzi ananifundisha ufundi. Nilitamani kulia. Sebule ikabaki nyuma.

Mbele ni mto, umefurika.

"Shemeji, kata!"

"Nakata, shemeji," anasema Mponda kwa upole wake ule ule. "Ila halikati."

Mama mjamzito ana sahani mapajani. Sahani inaita kama simu. Inaita, inaita, hakuna anayepokea.

Nikaamka shati limelowa jasho. Sikudhani alikuwa uani anafua.

"Shemeji yuko wapi?"

"Mbona kaondoka zamani! Kuna mama huko bondeni uchungu umemshika. Nilitaka kukuamsha, akasema mwache shemeji apumzike, kazi yake kaimaliza."

Hapo ndipo nikakumbuka. Mponda alifika saa saba, nami niko katikati ya kazi. Sikudhani akaja mbio kuitaka sahani yake nzuri niliyowekea bolti, ampakulie kaka yake, maana mgeni, tena shemeji, halishwi kwenye bakuli la plastiki. Ilikuwa imebakia bolti moja, ile inayoshikilia loki isijifunge yenyewe. Nikaitumbukiza mfukoni, nikanawa, tukala, tukacheka. Baadaye nikarudi kwenye gari, sahani haipo, nikafunga kifuniko cha difu.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa shati. Bolti ilikuwamo, bado ina mafuta.

Ee Mungu wangu. Nikachukua simu, vidole vinateleza, nikapiga namba ya Mponda.

Ikaita jikoni kwetu. Sikudhani akaenda kufunua kawa, na simu ya kaka yake ilikuwa humo, ndani ya sahani.