Kompyuta Iliyopigwa na Kurent

Rauta ya kugawa mtandao nyumbani Smaranda aliiunda mwenyewe: kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya misitu, kadi mbili za mtandao kutoka gulioni, programu ya bure, na siku nne za kutukana kimoyomoyo. Rauta ya zamani ilizimika kila mara mtu alipopasha supu. Na Jumanne saa tano asubuhi Smaranda alikuwa na usaili wa video, kazi ya kufundisha akiwa nyumbani. Walimwandikia wazi: mtandao ukikatika, basi.

Mama mkwe wake, Aglaia, hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na feni yake.

"Inatoa kurent," alisema, ameshika shingo.

"Si imechomekwa kwenye kurent, mama."

"Sisemi hiyo. Nasema hii inayonipiga shingoni."

Huko Bârlad, nchini Romania, umeme na upepo unaopenya ndani ya nyumba vina jina moja, kurent, na kinachoogopwa ni upepo. Ulimpinda mdomo binamu yake Aglaia, ukaua wajomba wawili, ukang'oa meno ya kasisi. Umeme haujafikia hata nusu ya hayo.

Siku ya usaili, saa nne na nusu, rauta ikafa. Smaranda aliikuta imevishwa skafu ya sufu, matundu yote yamezibwa kwa soksi.

"Mama, umeiziba pumzi."

"Nimeikinga. Hebu iguse, ina homa. Kurent imeshaipiga."

"Ina homa kwa kukosa kurent."

"Ipi?"

"Ya upepo."

"Mwanangu, hajazaliwa mtu wa kuumwa kwa kukosa hiyo."

Smaranda alichomoa soksi, Aglaia akazirudisha. Akachomoa tena, zikarudi tena. Hapo Smaranda akaketi sakafuni, machozi yakamtoka.

"Unalilia mashine?"

"Nalilia kazi. Bila kupoa haiwaki."

"Si ungesema ipoe tu. Mimi nilidhani unataka upepo."

Aglaia akatoka kwenda roshani, akarudi na sufuria ya ugali imejaa theluji. Smaranda alitazama saa, akafungua kasha, akang'oa feni, akaikalisha sufuria juu ya ubongo wa mashine. Rauta ikawaka.

Saa tano kamili mwanamke mwenye miwani akatokea kwenye kioo cha kompyuta mpakato.

"Nyuma yako kuna nini?"

"Rauta."

"Na yule mama?"

"Fundi wa mtandao."

Mwanamke akaandika kitu. Maswali yakaenda, theluji ikawa maji, maji yakaanza kutokota. Aglaia hakuwahi maishani mwake kuacha maji ya moto yapotee bure. Akamimina unga, akashika mwiko.

"Mama, unafanya nini?" Smaranda alinong'ona.

"Jibu haraka. Ugali ukiiva naepua."

Yalibaki maswali matatu. Smaranda akayajibu yote kwa pumzi moja, sentensi zikikanyagana.

"Unaongea kwa kasi sana," mwanamke alisema. "Watoto wetu husinzia kwa walimu wa polepole. Anza Jumatatu."

Smaranda akafungua kinywa ashukuru. Mtandao ukakatika. Aglaia alikuwa ameshapakua.