Mbwa Asiyekanyaga Mwamba

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, saa tatu kasorobo asubuhi, Kellan Droste alishusha baiskeli yake ya milimani kutoka kwenye pikapu. Alipima upepo wa matairi, akabonyeza shokomzoba mara nne, akapaka mnyororo mafuta, akafuta kioo cha kamera iliyofungwa kwenye helmeti, kisha akakifuta tena. Baiskeli ile aliihudumia kama mtu anavyomhudumia mzazi mgonjwa. Alipomaliza ndipo alipomfungulia mlango Mabel, mbwa wake wa kijivu mwenye sikio moja jeusi, ambaye alikuwa amengoja muda wote huo bila kubweka.

Pale njia inapoanzia, karibu na choo, kuna bango. Linamtaka kila anayekuja na mbwa aweke mgongo wa mkono juu ya mwamba uliochomwa na jua na kuhesabu hadi saba. Akishindwa kuvumilia, mbwa haendi. Mjini hapo kila mtu analijua bango hilo, na kila mtu hulitii kwa namna yake. Kellan aliinama, akaweka mkono juu ya mwamba, akahesabu hadi saba kwa sauti, akainuka. Glavu hakuvua. Zilikuwa glavu mpya, zenye sponji nene mgongoni mwa mkono.

"Vua hiyo glavu, baba," alisema Noreen Yazzie.

Noreen alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli wake. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye zahanati ya wanyama, na tangu astaafu huja hapo kila Jumamosi na galoni mbili za maji, bakuli la mbwa na blanketi kuukuu. Hakuna aliyemtuma.

"Nimehesabu saba, mama. Si umeniona?"

"Nimekuona. Hata mimi nikivaa glavu naingiza mkono kwenye oveni."

"Basi si ukaingize, utupishe njia!"

Brice, rafiki wa Kellan aliyekuja na baiskeli yake, alicheka hadi akakohoa. Kellan akawasha kamera. "Wapenzi watazamaji," aliiambia, "leo niko na Mabel wangu. Njia hii anaipenda kufa!"

Njia ile ni maili kumi za mwamba mwekundu mtupu, inayofuatwa kwa alama nyeupe zilizopakwa rangi chini. Upande wa kushoto mwamba unakatika ghafla, na mto unaonekana chini kabisa, wa kijani, ukijipinda. Watu hutoka mbali kuja kuyaona mandhari hayo. Kellan huyaona jioni, kwenye kompyuta.

Walipofika maili ya nne Mabel alianza kuinua miguu mmoja mmoja, kama mtu anayepita kwenye miiba. Alisimama kwenye kivuli cha kichaka, kivuli kisichozidi taulo. Kellan akapiga mluzi. Mabel akakitazama kivuli, akamtazama Kellan, akaja. Katika maili ya tano miguu yake iliachana na mwamba. Hakuruka. Ni kwamba hatua iliyofuata haikufika chini. Akaendelea kukimbia shubiri moja juu ya mwamba, masikio nyuma, miguu ikienda kama kawaida, na kivuli chake kikimfuata peke yake.

Kellan aliligundua jambo hilo walipokaa kula mikate yao.

"Cheki, kaongeza kasi," alisema.

"Na vumbi hatimui tena," alisema Brice. "Mimi ndiye niliyekuwa nakula vumbi lake."

Walipomaliza njia, Noreen alimwona Mabel akirudi akiwa hewani. Aliweka chini chupa yake ya chai, akalilowesha blanketi, akalitandaza chini ya mwavuli. Mabel alizunguka juu ya blanketi mara mbili, akashuka taratibu, akalala. Noreen akainua mguu mmoja, kisha wa pili, kisha yote minne. Ngozi ya nyayo ilikuwa imechubuka, na palipobaki ngozi palikuwa na malengelenge makubwa kama vifungo vya koti.

"Kellan, njoo uangalie."

"Nimeshaona. Anapaa."

"Miguu. Nimesema uangalie miguu."

"Bi Noreen, miguu yenyewe haigusi chini. Itaumizwa na nini?"

Akapiga mluzi. Mabel akainuka kutoka kwenye blanketi, akaelea hadi kwenye pikapu.

Video ilitazamwa sana. Watu waliandika kwamba mbwa huyo ana furaha, kwamba huo ndio uhuru, kwamba wangependa kujua baiskeli ni ya aina gani. Washonaji wa makoti ya mbwa walimtumia koti.

Alhamisi iliyofuata kamati ya njia ilikutana kwenye chumba cha wazimamoto. Walibishana kwa saa mbili kama mbwa aliye hewani anahesabika kuwa yuko njiani. Mjumbe mmoja alitaka kujua kinyesi kikidondoka kutoka juu kitaokotwa na nani. Noreen alisimama. Sauti yake ni ndogo, na mbele za watu huwa ndogo zaidi. Alisema anaomba maneno mawili tu yaongezwe kwenye bango: glavu zivuliwe. Mwenyekiti alimshukuru kwa moyo wake wa huruma, kisha wakapitisha kwamba mbwa wapaao wafungwe ugwe usiozidi futi sita. Ijumaa wakapigilia tangazo jipya. Nguzo ya bango ilikuwa fupi, hivyo likafunika sehemu inayohusu mkono na kuhesabu hadi saba.

Julai ikaja. Kadiri mwamba ulivyochemka ndivyo Mabel alivyopaa. Nyumbani alielea juu ya vigae vya jikoni, akala kutoka kwenye bakuli lililowekwa juu ya friji. Hakulala. Alilala Jumamosi tu, kwenye blanketi la Noreen, kwa muda ambao Kellan aliutumia kuisafisha baiskeli na kuipakia. Kwa kuwa Kellan alikuwa mwangalifu sana na baiskeli, Mabel alipata kama dakika arobaini. Noreen alimpaka dawa nyayo na kumpepea kwa kofia, na alijikuta akiombea vumbi liwe jingi kwenye mnyororo.

Agosti ugwe wa futi sita ulikazika wote. Kellan aliufunga chini ya kiti cha baiskeli na kupanda mlima, Mabel akivutwa nyuma yake kama tiara, miguu ikikimbia. Kwenye video alionekana tumbo tu, na siku nyingine hata tumbo halikuonekana.

"Watu wanalalamika," Kellan alimwambia Brice. "Wanauliza mbwa yuko wapi."

"Kwani yuko wapi?"

"Yuko juu, lakini juu hakuna mandhari."

Akaufungua ugwe, akaufunga kwenye nguzo ya bango. "Mama, mwangalie kidogo," alisema, akapanda baiskeli. Aliporudi aliisafisha baiskeli, akaipakia, akaondoka.

Noreen alingoja hadi vumbi la pikapu likatulia. Kisha akamvuta Mabel chini, mkono baada ya mkono, akambeba kwenye gari lake lenye blanketi lililoloweshwa kwenye kiti cha nyuma.

Jumamosi iliyofuata Mabel alikuwa amelala chini ya mwavuli, miguu minne imefungwa bendeji. Pikapu ikaingia. Kellan alipima upepo wa matairi, akabonyeza shokomzoba mara nne, akafuta kioo cha kamera. Halafu akafungua mlango, akatoka mbwa mchanga wa rangi ya asali, mwenye miguu mikubwa kuliko mwili wake. Mbwa huyo alikimbilia kila kitu: choo, nguzo, Mabel, viatu vya Noreen.

"Vua glavu, Kellan," alisema Noreen.

Kellan aliinama, akaweka mkono juu ya mwamba. Glavu hakuvua.

"Moja, mbili, tatu," alihesabu, na mbwa mchanga akailamba sponji.

 Noreen alimsogeza Mabel upande mmoja wa blanketi, akafungua galoni ya pili, akaanza kulowesha upande uliobaki.