Ukurasa Aliokuwa Akiuficha

Mwalimu, maana jina hilo lilimfuata hadi kwenye ofisi ya waandishi wa programu, alikuwa amesimamia mitihani miaka kumi na tisa. Alipoacha chaki akajifunza kazi mpya, alijiwekea sheria: mwongozo wa lugha ya programu unasomwa nyumbani, kazini unaandika kutoka kichwani. Maskini, nani alimwambia?

Kila jioni alikariri, tangu ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, mumewe akimsikiliza huku akipiga miayo. Mwongozo ulikuwa na kurasa zaidi ya elfu mbili. Kazini yote yaliyeyuka, akabaki kuufungua kwenye kompyuta kwa kuibiaibia. Bosi akitokeza tu, anaufunga chapchap.

Wiki ya nane, ya mwisho ya majaribio, ilimkuta na kazi moja imemkwama: orodha ya wagonjwa wa zahanati ijipange kwa tarehe za kurudi. Ijumaa asubuhi bosi alivuta kiti, akaketi kando yake.

"Mwalimu, sitakuzungusha. Kila nikipita unafunga kitu. Naona uko kwenye mambo yako. Barua ya kukuachisha kazi nimeshaiandika."

Ajira ya uhakika aliiacha kwa ajili ya hii! Akaona heri afukuzwe kwa kosa lake kuliko la kusingiziwa, akafungua ule ukurasa.

"Nilikuwa nachungulia hapa, bosi. Nisamehe."

Bosi alitazama. Kisha akaenda mezani kwake, akarudi na kompyuta yake. Mwongozo uleule, uko wazi.

"Miaka kumi na minne naufungua kila siku," alisema. "Nani anaweza kulikariri dude hili? Andika shida yako hapo juu, kwenye kisanduku cha kutafutia. Maelezo yaruke kwanza, nenda kwenye mfano."

Mwalimu akaandika: kupanga kwa tarehe. Mfano ulikuwa mistari mitatu tu. Akaunakili, akabadilisha majina, akabonyeza. Wagonjwa wakajipanga, wa kesho juu kabisa.

"Mungu wangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Na barua?"

"Naifuta sasa hivi." Bosi aliinama, akakuna kichwa. "Wiki nane nakuona unafunga, sikukuuliza hata mara moja unafunga nini. Wewe ndiye unisamehe."

Mwalimu alijifuta macho, akauliza kazi inayofuata ni ipi.