Nimsujudie Lusajo?

Tusekile analala na hasira zake, mchana kweupe, juu ya mkeka wa chumba cha wageni, na njaa inamsokota kwa sababu watawa wa Kibuddha hawali baada ya adhuhuri, na mgeni wao naye hufunga apende asipende. Kutoka Tukuyu hadi milima hii ya Sri Lanka amefuata jambo moja tu: kumrudisha Lusajo, mdogo wake aliyegeuka mtawa huku, kwa mama anayeugua, ambaye haombi tena dawa wala uji, anaomba kumwona mwanawe. Na mtawa anayepokea wageni amemwambia bila hata kupepesa jicho: utamwona, lakini kwanza utamsujudia, maana hapa mtawa husujudiwa hata na mama aliyemzaa. Nimsujudie Lusajo? amefoka Tusekile. Huyo niliyemfuta kamasi? Thubutu! Akabamiza mlango, akajitupa chini, na sasa macho yanafumba, na mlango alioubamiza unafunguka wenyewe.

Nje hakuna tena ua wa watawa. Kuna barabara, inapanda, inapinda, inapanda tena, na kila inapopinda kuna mji uleule wa kuta zilizosuguliwa hadi mtu anajiona ndani yake, na katika kila ukuta Tusekile anajiona amenyolewa kipara. Nani kaninyoa? Mtu wa joho la manjano anafagia nyuma yake, anafuta nyayo zake asije akajua njia ya kurudi, na anapoinua kichwa hana uso, ni ngozi tupu kama kiazi kilichomenywa. Ndugu yangu yuko wapi? Yuko chini ya hapo unapotazama. Nimekuuliza kistaarabu! Nami nimekujibu, mgeni, ila shingo yako haisikii. Tusekile anamporomoshea matusi, maana ana mdomo huyu dada, tusifichane, lakini matusi yanagonga kuta na kumrudia mwenyewe, na barabara inazidi kuwa nyembamba mpaka inamsukumiza ndani ya ukumbi. Humo wameketi watawa, safu kwa safu, vipara vitupu, hakuna mwenye uso. Lusajo, nyanyuka twende, mama anakungoja! Wewe Lusajo, ni mimi dada yako, hata salamu? Hakuna kipara kinachogeuka, na dari inaanza kushuka. Inamgusa utosi. Inamkunja shingo, inamkunja mgongo, anaisukuma kwa mikono miwili, analia kwa ghadhabu, anapachukia mahali hapa na watu wake wote, na magoti yanagusa sakafu, kisha paji la uso. Huko chini ndiko anakoviona: vidole vya miguu, na kimoja hakina kucha, kile alichokiponda yeye mwenyewe kwa jembe walipokuwa wadogo. Anaudaka mguu. Nimekupata, mshenzi wewe, twende kwa mama!

Marahaba, inasema sauti ya Lusajo kutoka juu, tulivu, kama mkubwa anavyomwitikia mdogo. Sijakuamkia mimi! Mama anakufa, Lusajo, unanisikia? Mama amepita hapa sasa hivi, dada. Yeye hakubishana na dari.

Tusekile anazinduka. Mkeka, chumba, jua la alasiri. Magoti yanamuuma, paji lina vumbi, na hajui kama ameamka au amesukumizwa ndani ya chumba kingine cha ndoto ileile. Mlangoni amesimama Lusajo, ana uso, na uso umelowa machozi. Anapiga magoti, yeye mtawa, asiyeruhusiwa kumwinamia mgeni. Shikamoo, dada, anasema. Tusekile anageukia ukutani. Haitikii, maana akiitikia tu atakuwa ameamka, na itambidi asikie habari ya mama ambayo Lusajo amekuja kumwambia.