Daraja la Pili

Pini haikuingia. Mama Gia, dereva wa trekta la mradi wa kilimo, aliisukuma kwa kiganja, akaipaka grisi, akaisukuma tena. Tundu la mkono wa nyuma wa trekta lilikuwa na upana wa milimita ishirini na mbili. Pini ya plau jipya ilikuwa na ishirini na nane. Alijua hayo kabla hajashika grisi, maana alikwisha kupima mara mbili kwa rula. Lakini mtu akibanwa hujaribu hata lisilowezekana.

"Gonga na nyundo," alishauri mtunza stoo, aliyesimama pembeni na fomu ya mapokezi. "Itakubali tu."

"Kaka, mguu wako namba tisa ukipewa kiatu namba sita, utaugonga na nyundo?"

"Mimi nataka sahihi tu, dada. Usinitie kwenye maneno."

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na udongo ulikuwa umelainika vizuri. Kanuni ya mradi ilibandikwa ukutani: shamba ambalo halijalimwa ifikapo tarehe thelathini linarudishwa na kupewa mwingine. Leo ilikuwa tarehe thelathini. Plau la zamani lilivunjika msimu uliopita likauzwa chuma chakavu. Wenye uwezo walikodi matrekta ya watu. Wakabaki wazee wanne wakilisubiri trekta la mradi. Mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Mama Gia. Majirani walimwita wachangie kukodi, akakataa kwa maringo. Mimi, aliwaambia, nina mtoto mwenye trekta.

Mama Gia alifungua nati, akaichomoa ile pini kwenye plau, akaitia mfukoni mwa ovaroli na kwenda ofisini.

Afisa ununuzi alikuwa na feni, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na muhuri alioutunza mfukoni mwa shati, pale watu wengine wanapoweka kalamu. Mama Gia akaiweka pini mezani.

"Shikamoo mzee. Mmeniletea plau la daraja la pili. Trekta letu ni daraja la kwanza. Haviingiliani."

"Marahaba. Haviingiliani kwa cheo?" Afisa alicheka peke yake.

"Kwa ukubwa. Trekta dogo lina pini nyembamba, na mikono yake iko karibu karibu. Hilo ndilo daraja la kwanza. Kubwa lina pini nene, mikono imeachana. Hilo la pili. Plau linatengenezwa kufuata daraja la trekta. Niliandika kwenye maombi."

Afisa alipekua faili mpaka akaipata fomu. Kweli, mwandiko wa Mama Gia ulikuwepo, umenyooka kama wa mwanafunzi: *Plau la diski mbili, daraja la kwanza.* Chini yake, kwa wino mwekundu: *Daraja la pili linatosha. Tubane matumizi.*

"Nilidhani unataka la kifahari," alisema afisa polepole. "Kama daraja la kwanza kwenye treni." Aliinama tena juu ya karatasi. "Kwa hiyo la kwanza ndilo dogo?"

"Ndilo dogo."

"Na la pili ndilo kubwa."

"Na zito. Na ghali, nadhani mliona."

Aliona. Shingo yake iliyoinama ilionyesha kwamba aliona. "Sasa nani alipanga mambo kinyume hivyo?" aliuliza, kana kwamba aliyepanga yuko chumba cha pili na anaweza kuitwa ajieleze. Kisha akapata wazo. "Si uipeleke kwa fundi aichonge hiyo pini?"

"Nikichonga pini, plau halipungui, mzee. Lina diski tatu. Nikiliinua tu, magurudumu ya mbele yanaachana na ardhi na mimi nabaki kutazama mawingu."

"Basi tutalirudisha, wabadilishe. Barua naiandika leo hii. Lakini hatuwezi kurudisha kitu ambacho hatujakipokea." Alimsogezea nakala ya fomu ya mapokezi. "Saini kwanza."

Mama Gia alisoma: *Plau moja, zima, linafaa kwa kazi.*

"Hapa panasema linafaa."

"Ah, hayo ni maneno ya fomu tu. Yalichapwa zamani."

"Na mashamba ya wale wazee? Mama yangu yumo. Waongezewe siku, kosa si lao."

"Litazungumzwa. Kamati inakaa mchana. Njoo saa tisa."

Alisaini. Hakuona njia nyingine ya kulirudisha lile dude, na huo ndio ukweli. Afisa akauchomoa muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga.

"Pini iache hapa," alisema. "Niiambatanishe na barua."

Mama Gia alimkuta mama yake shambani na jembe la mkono. Katika eka mbili alikuwa amelima mistari mitatu, tena mifupi. Kibao chenye namba ya shamba, kumi na saba, alikuwa amekifuta tope kwa upindo wa kanga ili kisomeke vizuri wakaguzi wakipita.

"Trekta liko wapi, mwanangu?"

"Linakuja, mama."

Alidanganya, na alijichukia papo hapo. Alimpokea mama yake jembe, akalima bila kuinua kichwa mpaka kiuno kikamuuma. Mama yake alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimsimulia jinsi alivyomjibu jirani jana: yeye hana haja ya kukodi, mwenye usukani ni wa kwake, wa tumbo lake.

Saa tisa kamili Mama Gia alikuwa ofisini, matope mpaka magotini. Kamati ilikuwa imeshakaa na kuondoka. Kwenye meza ya afisa ulibaki muhtasari wa kurasa tatu, na ile pini kandoni.

"Kumi na saba," alisoma afisa bila kumtazama. "Halijalimwa. Trekta lipo, plau lipo, dereva yupo. Sababu: uzembe."

"Uzembe wa nani? Plau haliingii! Asubuhi nimekueleza hapa hapa, umeelewa mwenyewe!"

"Mimi nimeelewa, dada. Kamati inasoma fomu. Fomu inasema linafaa, na sahihi ni yako."

"Na barua?"

"Itakwenda. Kubadilishiwa ni miezi miwili, mitatu."

"Shamba limepewa nani?"

Afisa alikohoa. "Mtu mwenye trekta lake."

Miaka kumi na mmoja Mama Gia alikuwa anaendesha trekta la mradi, na mashamba ya watu aliyolima hayana idadi. Feni iligeuka upande wao, karatasi zikainuka, na afisa akaichukua pini haraka akazikandamiza. Ikalala juu ya namba kumi na saba, na karatasi zikatulia. Tangu ifike kwenye mradi, hapo ndipo mahali pa kwanza ilipotoshea.

"Naomba hiyo pini," alisema.

"Mali ya mradi hiyo, dada. Si umesaini mwenyewe?"

Alitoka. Kule shambani mama yake alikuwa ameanza mstari wa nne, na kila baada ya majembe machache alisimama, akageuzia sikio barabarani kusikiliza kama injini inakuja.