Kijiji cha Mumba

Mumba alipofariki, nguo zake ziligawiwa na kitanda chake kikachukuliwa na mjomba. Kilichobaki ni kijiji alichokijenga ndani ya mchezo wa mtandaoni, pamoja na dada yake Nono na binamu yao Kiki. Sheria ya mchezo ilikuwa kali: kijiji kisichoingiwa na wakazi watatu kwa pamoja kila juma hufutwa.

Kiki alikuwa amehamia mji wa Sakania kufanya biashara, na mchezo ulishamtoka moyoni. Alimwachia Nono nenosiri lake. Lile la Mumba, Nono alilijua tangu zamani. Basi akawa anaziingiza akaunti zote tatu kwenye kompyuta yao ya nyumbani, mtaani Katuba, hadi juma ambalo ya Mumba ilianza kukataa. Dirisha lake kwenye skrini liligeuka jeupe, likaandika kwamba muunganisho umepotea.

Nono alizima modemu na kuiwasha. Akaisogeza dirishani. Akajaribu kumtanguliza Mumba. Mumba akaingia, Kiki akaanguka. Hapo akaelewa kwamba yeyote anayeingia wa tatu ndiye anayetupwa nje.

Alikwenda mtaa wa Bel-Air kwa Lombe, kijana aliyewahi kucheza nao.

"Yaya Nono, serveur, mashini ya mchezo, inaona bantu batatu banatoka ku adresse moya," Lombe alimwambia. "Inafikiri ni muntu moya anadanganya. Weka Mumba ku réseau ingine, ku simu."

Mchana ule aliazima simu ya mama yake, akaiunganisha akaunti ya Mumba kwa mtandao wa simu hiyo. Ikaingia. Mtu wake wa mchezoni alikuwa amesimama karibu na kisima, kofia nyekundu kichwani, jina lake likielea juu yake. Mama akainama kutazama.

"Ni vile anasimamaka," alisema taratibu; ndivyo Mumba alivyozoea kusimama.

Kisha skrini ikafungwa. Ujumbe ulisema akaunti imeonekana kwenye laini ngeni, huenda imeibwa. Mwenyewe atume picha ya uso wake na kitambulisho.

Nono aliwaandikia wenye mchezo ukweli wote, akidhani watamhurumia. Jibu lilikuja la upole: walimpa pole, wakaeleza kwamba akaunti hairithiwi, na kwa kuwa sasa wamejua mwenyewe hayupo, wameifuta.

Aliisoma barua ile mara nyingi, akitafuta mahali pa kubishia. Hakupaona. Laiti angenyamaza, alijiambia, Mumba angekuwa amefungiwa tu. Aliingia kijijini kwa akaunti yake. Kisimani hapakuwa na mtu. Nyumba zingesimama mpaka mwisho wa juma, kisha nazo ziondoke.

Mama, aliyedhani ni mtandao tu uliokatika, aliuliza kama réseau imerudi.

"Haiyarudia, mama."

Tangu siku ile mama huijaza simu umeme, na kuiacha mezani karibu na kompyuta, akingoja Mumba arudi kwenye kijiji ambacho hakipo tena. Nono huikuta hapo, huirudisha chumbani kwa mama, na hajapata bado maneno ya kumwambia.